Mtaa wa Inakuja na Barabara Zake Tatu

Nilipoanza kazi ya kupima ardhi Homa Bay, mbu walijitahidi sana kuninyima usingizi, lakini swali moja liliwashinda wote. Je, ni haki mtu aliye hai avunjiwe jiko ili lango la mtu aliyekufa libaki mahali pake? Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, nina digrii, nina viatu ambavyo havijajua matope, na nina akili isiyojua kunyamaza. Kila nilipofikiri nimepata jibu, akili ile iliniuliza, "Na kama umekosea?"

Nimestaafu sasa. Vijana wa ofisini kwetu, mnaopima kwa mashine inayozungumza na setilaiti, mliniomba niwaambie kazi ilivyokuwa. Mlitaka mambo ya kamba na darubini. Nitawapa hayo, lakini mtayapata ndani ya habari ya mtaa mmoja, kwa sababu mimi siwezi kuitenga kazi yangu na Inakuja.

Inakuja mnaijua. Ni pale mji unapoanza kuisha, ukiipa maji ya ziwa mgongo na kushika njia ya Rodi Kopany. Leo kuna lami, kinyozi, duka la dawa, nyumba za kupanga zenye roshani, na vijana wa bodaboda wanaoita abiria kwa jina hilo bila kucheka. Mgeni akipita huuliza mbona nyumba za zamani za pale zimekaa kama watu waliogombana, hii inatazama huku, ile imegeukia kule, nyingine inamtazama jirani yake kisogoni. Mpangaji wa mji angesema ni ukosefu wa mpango. Si kweli. Mpango ulikuwepo. Shida ni kwamba ilikuwa mipango mitatu.

Kile kilima ulipojengwa mtaa kilikuwa boma la mtu mmoja, Jaduong' Onditi. Jaduong' kwetu ni mzee wa heshima, na huyo alikuwa na ng'ombe wengi na maneno machache. Boma lake lilikaa juu, limezungushiwa ua wa minyaa, ule mti wenye maziwa yanayochoma macho, na lango lilitazama chini kwenye barabara kuu. Mzee alipofariki alizikwa ndani ya boma, kama ilivyo kawaida. Mji nao ulikuwa ukipanda mlima polepole kutoka ziwani. Wanawe watatu wakaona heri wauze ploti kuliko kulima mawe.

Kila mmoja aliuza upande wake. Mkubwa aliuza kulia, akimwonyesha mnunuzi kwa fimbo: "Barabara itapita hapa, mbele yako." Wa kati, Odera, aliuza kushoto: "Barabara itapita hapa." Kitinda mimba, Ouko, aliuza katikati, naye akasema vilevile. Hawakuwa matapeli hasa. Kila mmoja aliamini barabara ikija itakuwa na akili ya kupita kwake. Wanunuzi walikuwa walimu, wafanyabiashara wa mahindi Wakuria kutoka Migori, Wasabato waliohamia mjini na biashara zao, na wanawake waliopata riziki kwa omena, wale dagaa wa ziwa, huko visiwani. Wote wakajenga, na kila nyumba ikaelekeza mlango wa mbele kwenye barabara iliyoahidiwa. Ukiuliza iko wapi, unajibiwa, "Inakuja." Watu wa mjini wakaanza kusema, "Naenda kule Inakuja." Jina likashika kabla ya lami, kabla ya changarawe, kabla hata ya mtaro.

Sasa niwaeleze mashine, kwa sababu najua kuna mmoja wenu ameanza kupiga miayo.

Tulikuwa na darubini ya kupimia iliyokaa juu ya miguu mitatu, tepu ya chuma, nguzo zenye mistari myekundu na myeupe, na vigingi. Msaidizi wangu wa tepu alikuwa Chacha, Mkuria wa upande wa Kehancha, mrefu kama nguzo zake, mtu wa utani. Mimi nilikuwa mtu wa kupima, kisha kupima nilichopima, kisha kurudi kuangalia kama nilisoma sawa. Siku ya kwanza Chacha alivumilia. Siku ya pili aliketi juu ya jiwe akaniambia, "Madam, hii ardhi haijatoka hapa tangu asubuhi."

"Tepu hurefuka kwa jua," nikajibu.

"Basi na mimi nimerefuka. Tukale."

Na kweli tepu hurefuka. Ndiyo maana tulipima asubuhi. Jua la adhuhuri la Homa Bay hufanya hewa icheze juu ya mawe, na nguzo unayoilenga kwenye darubini huanza kusakata dansi. Ukisoma namba wakati huo, unasoma dansi. Hili hata mashine zenu za leo hazijalishinda, msinidanganye.

Mkuu wetu, Mzee Were, alikuwa na tumbo kubwa na methali alizozitunga mwenyewe. Aliniambia, "Kigingi hakina miguu, lakini kinatembea." Maana yake watu hukihamisha. Kwa hiyo alinifundisha, kabla ya kupigilia kigingi cha maana, chimba kidogo, mwaga makaa na vipande vya chupa, funika, kisha ndipo upige. Atakayeng'oa kigingi hataking'oa kivuli chake. Miaka mingi baadaye unachimba, unakuta weusi wa makaa pale pale, na mtu aliyeapa mbele ya chifu kwamba mpaka ulikuwa kwenye mwembe anakumbuka ghafla kwamba ana safari.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya na rangi. Wiki yangu ya kwanza Inakuja niliona mawe makubwa ya kufaa kuwa alama, nikayapaka rangi nyekundu ili niyaone kwa mbali. Jiwe moja lilikuwa kwenye pembe ya nyumba ya mwalimu mmoja Msabato. Nilipiga alama ya msalaba, safi kabisa, nikaenda zangu. Sikufikiri kwamba katika nchi hii nyumba ikipigwa alama nyekundu maana yake ni moja. Nilirudi mchana nikamkuta mwalimu yuko juu ya paa, ameshatoa mabati nusu, mkewe chini akiyapokea na kulia.

"Mwalimu, unafanya nini?"

"Naokoa mabati kabla tingatinga halijafika! Mngetuambia jana!"

Kesho yake mimi na Chacha tulishinda pale tukiyarudisha yale mabati. Chacha alikuwa juu na misumari, mimi chini nikimpitishia, na mwalimu akituhubiria juu ya kutangulia kusema kabla ya kutenda. Tangu hapo alama zangu zote zilikuwa nyeupe, na sikupaka jiwe la mtu kabla ya kunywa maji nyumbani kwake. Mkiweza kukumbuka moja tu katika haya, kumbukeni hilo la maji. Mpima anayeingia kwa mashine hutolewa kwa mawe. Mpima anayeingia kwa "hodi" huonyeshwa hata mpaka ambao majirani wamekuwa wakifichana. Na ukiuliza mpaka, waulize majirani wote wawili wakiwa wamesimama pamoja. Ukiuliza mmoja mmoja utapata mipaka miwili.

Turudi kwenye swali langu la mbu.

Habari zilifika kwamba greda itakuja Jumatatu. Ingechonga barabara moja, kisha Jumanne ingeshuka Mbita kwa kazi nyingine, na hakuna aliyejua ingerudi lini. Inakuja ilihitaji barabara kuliko ninavyoweza kueleza. Mvua ikinyesha, mgonjwa alishushwa kwenye barabara kuu ndani ya toroli la mchanga. Nilimwona mama mmoja mjamzito akishushwa hivyo, amekamata kingo za toroli kwa mikono miwili, akimtukana mumewe anayesukuma kwa kila shimo. Kazi yangu ilikuwa kupigilia vigingi vya mstari wa barabara kabla ya greda. Mstari usipokuwepo, greda ingepita zake.

Nawaomba muone kilima hiki vizuri. Chini ni barabara kuu. Juu ni boma la Jaduong' Onditi. Nyuma ya boma, mteremko wa pili, kuna nyumba nyingi, shule ya msingi na kisima cha pampu, kwa hiyo barabara lazima ivuke kilima. Upande wa kulia ni miamba ambayo greda ile ingevunja meno yake. Upande wa kushoto ni kibonde. Katikati ndipo mchoro wa Mzee Were ulipopita, mstari mmoja ulionyooka kutoka chini hadi juu, ukaingia langoni kwa marehemu, ukapasua boma, ukatokea ng'ambo. Mzee Were aliuchora ofisini kwa kutumia picha iliyopigwa kutoka angani. Kutoka angani lango ni doa tu.

Niliitisha mkutano Ijumaa alasiri. Haungeweza kuwa Jumamosi kwa sababu ya Wasabato, wala Jumapili asubuhi kwa sababu ya Wakatoliki, na hata hiyo Ijumaa mwalimu wa mabati alinionya kwamba jua likishuka wao wanaondoka, hata kama barabara iko katikati ya sentensi.

Mjane wa Jaduong' alikuja na kigoda chake. Mtaa mzima ulimwita Dani, yaani bibi. Alisubiri watu wanyamaze, akasema bila kupandisha sauti, "Mume wangu alifungua lango lile yeye mwenyewe siku alipoanza boma. Mara ya mwisho aliingia kwalo akiwa amelala. Baba akishakufa, lango lake halihamishwi wala halifungwi. Nyinyi mnataka lori zipite hapo, na kila mlevi wa mjini apite juu ya kaburi la mume wangu akiimba. Mimi nimesema."

Wazee wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Vijana fulani walinong'ona kwamba siku hizi mambo hayo yamepitwa na wakati, lakini walinong'ona.

Ndipo akasimama Mama Akoth. Huyu alikuwa amekaa kisiwani Remba miaka mingi, akianika omena na kuziuza, kwenye kile kisiwa ambacho mabati ya jirani ndiyo ukuta wako. Kila alichokichuma aliweka kwenye ploti aliyouziwa na Odera upande wa kushoto, karibu na pembe ya ua wa boma. Mbele alijenga duka linalotazama kibonde, kwenye barabara ya Odera. Nyuma alikuwa na jiko la matofali, alimokaanga mandazi na samaki, na watoto wa shule walipanga foleni pale asubuhi. Duka halikuwa na wateja kwa sababu lilitazama magugu. Jiko ndilo lililosomesha watoto wake.

"Dani, nakuheshimu," akasema. "Lakini nasikia kuna wanaosema barabara ikikwepa lango itapita kwangu, juu ya jiko langu. Jaduong' hali mandazi. Watoto wangu wanakula."

Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

"Unamwambia nani hivyo?" Ouko akaruka.

"Nakwambia wewe na kaka zako, wauza barabara! Odera, simama tukuone. Uliniambia barabara inapita mbele ya mlango wangu. Iko wapi?"

Odera akatazama kibonde kama mtu anayemtafuta ng'ombe aliyepotea. "Inakuja," akasema.

Hapo mkutano ukaharibika kwa kicheko, kisha kwa makelele. Mtu akanigeukia. "Nyar Rodi!" Ndivyo walivyoniita, binti wa Rodi, kwa sababu nyumbani kwetu ni Rodi Kopany. "Nyar Rodi, wewe ndiye umesoma. Sema!"

Nikasimama. Nikasema maneno ambayo naomba yasitoke vinywani mwenu kamwe. Nilisema, "Nitafanya uchunguzi zaidi."

"Uchunguzi!" Mama Akoth akapiga makofi. "Greda Jumatatu, yeye anachunguza!"

Mwalimu akatazama jua, akasimama, Wasabato wakamfuata, na mkutano ukaishia hapo.

Nilimpitia Mzee Were nyumbani kwake. Nilitaka aamue yeye. Nilimweleza yote huku akila, na alipomaliza kunawa akasema, "Kuna njia mbili za kukaa salama. Ya kwanza, fuata mchoro wangu. Watu wakikasirika, utasema ni mchoro."

"Na ya pili?"

"Ya pili si salama. Pigilia unapoona ni pa haki, mimi nitatia sahihi. Lakini Jumatatu nikikuuliza, sitaki kusikia 'ilionekana'. Nataka kusikia 'niliamua'."

Nilitoka pale nikimchukia kidogo.

Jumamosi nilipanda kilima peke yangu, nyimbo za kanisani zikishuka na upepo. Niliamua nisifungue mashine hata kidogo. Nikaanza na barabara ya Odera. Ukitaka kujua maji hufika wapi, usiulize mtu, maana kila mtu atakuambia mvua kubwa ilikuwa enzi za baba yake. Tazama takataka kwenye vichaka. Katika kibonde kile nilikuta nyasi kavu zimejisokota kwenye matawi, mfuko wa plastiki, na ndala ya mtoto imenasa juu ya kichaka, usawa wa kifua changu. Hiyo ilikuwa njia ya mto unaolala kiangazi. Barabara ya pale ingekuwa ziwani kabla ya Krismasi. Nikaifuta.

Miamba ya kulia sikuhitaji kuitazama mara mbili, ingawa kwa tabia yangu niliitazama mara mbili.

Kisha nikaketi karibu na lango la Jaduong', nikatazama watu. Baiskeli zilipanda katikati, zikafika karibu na lango. Hakuna hata moja iliyoingia. Zote zilikata kushoto, zikaufuata ua wa minyaa, zikapenya kati ya ua na jiko la Mama Akoth, zikatokea ng'ambo. Wanawake wenye ndoo kutoka kisimani walipita hapo hapo. Mbuzi nao hivyo hivyo. Ardhi pale ilikuwa imeng'aa kwa kukanyagwa. Wiki nzima nimepita hapo na darubini begani, na sikuwa nimeiona hiyo njia kwa sababu haikuwa kwenye mchoro. Nawausia hivi: kabla hujachora njia, tazama miguu imechora wapi. Miguu haibishani mkutanoni.

Nilipima ule upenyo kwa hatua zangu. Palikuwa pembamba. Mwenye baiskeli ilibidi ashuke. Nikapiga hesabu. Ua wa boma ukirudi ndani kidogo, nafasi inapatikana upande mmoja. Upande wa pili bado linabaki jiko. Nikahesabu tena, nikauinamisha mstari huku na huku. Niliubana na kuupinda mpaka barabara ikawa kama nyoka aliyemeza sufuria. Jiko halikukwepeka. Hapo ndipo nilipong'amua nilichokuwa nikikitafuta wiki nzima. Nilitaka mstari usiomuumiza mtu yeyote, ili mtu yeyote asinichukie. Mstari huo haukuwepo. Uliokuwepo ni mstari unaoumiza zaidi au kidogo kuliko mwingine, na mtu wa kuuchagua alikuwa amekaa juu ya jiwe akitazama mbuzi.

Nikajiuliza upya lile swali, lakini safari hii kwa utaratibu. Tukipasua lango, Dani halipwi kwa chochote, kwa sababu lango la pili la Jaduong' halijengeki. Mwenye kulifungua hayupo. Jiko linajengeka. Na nikakumbuka kitu kingine. Barabara ikipita nyuma ya Mama Akoth, nyuma ndiko kutakuwa mbele. Chombo chochote kikifika kona hupunguza mwendo. Nikiipanua kona ile, lori lingeweza kusimama pale kushusha mzigo bila kuziba njia, mlangoni pa duka ambalo upande huo halina mlango bado.

Jumapili mchana nilimwomba Chacha anifuate na vigingi. Nilianza kwa Dani. Alinipa uji, nikaunywa wote, nikamwambia kwamba lango litabaki lilipo ila naomba ua urudi ndani upande wa kushoto.

Alipokea bakuli tupu. "Ua si lango, nyathina," akasema, maana yake mwanangu. "Ule ua niliupanda mimi nikiwa na mimba ya Ouko. Minyaa ukiikata tawi ukalichomeka chini, inaota tena. Ouko!" Ouko akatokea. "Kesho unakata ua. Na jicho lako likiingia maziwa, usije kwangu."

Huko kulikuwa rahisi. Kutoka langoni kwa Dani hadi jikoni kwa Mama Akoth ni mwendo mfupi mno, na mimi nilitamani uwe mrefu. Nilimkuta ameketi mlangoni pa jiko akipepeta unga. Odera alikuwa pale pia, amekuja kununua samaki kwa mkopo. Akatuona na vigingi, akaanza kuondoka.

"Kaa hapo," Mama Akoth akamwambia. Kisha akanitazama. "Uchunguzi umeisha?"

"Umeisha, mama."

"Haya. Nani ameshinda, mimi au marehemu?"

Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu ya kitaalamu, yenye mteremko na mtiririko wa maji. Yote yakakimbia. "Barabara haitapita mbele ya duka lako," nikasema. "Pale ni njia ya mto. Itapanda katikati, itafika langoni, itakata kushoto, itapita hapa. Jiko hili litaondoka."

Aliendelea kupepeta. Chacha akajishughulisha na kamba ya kiatu chake.

"Nani amesema?" akauliza mwishowe. "Ofisi?"

Huo ndio ulikuwa mlango wangu wa kutokea. Ningesema ofisi, na angeitukana ofisi, na mimi ningekula mandazi yake mpaka leo bila chuki.

"Mimi," nikasema. "Mchoro wa ofisi unapita langoni. Mimi nimeamua upite hapa."

"Wewe. Mtoto wa juzi."

"Mimi, mama."

"Kwa sababu naishi peke yangu na watoto? Kwa sababu sina wana watatu wakubwa wa kunitetea kwa kelele mkutanoni?"

Swali hilo liliniumiza kwa sababu nilikuwa nimejiuliza mwenyewe, Jumamosi yote. "Nimelifikiria hilo," nikasema. "Kama ningeweza kulijenga upya lango la Jaduong', ningelivunja. Siwezi. Jiko naweza kuona linajengwa. Na ukitoboa ukuta huu wa nyuma ya duka ukaweka mlango, utakuwa kwenye kona. Nitaipanua kona hapa, lori lisimame. Kila anayevuka kilima atapunguza mwendo mbele yako."

"Ukuta huu?" Akageuka, akautazama ukuta wa nyuma ya duka lake kama aliyeoneshwa mtoto wa jirani anayefanana na wake. "Na kama sikubali?"

"Nitapigilia," nikasema. "Lakini nitarudi kesho na keshokutwa unitukane, sitajificha."

Odera akaona ni wakati wa kusaidia. "Mama Akoth, hata mimi naona kona ni nzuri kwa biashara—"

"Wewe nyamaza! Uliyeniuzia barabara ya mtoni! Jiko jipya nani atajenga?"

"Mimi? Aa, mama, mgongo wangu huu—"

"Mgongo wako ulikuwa mzima siku ulipoinama kunionyesha barabara. Matofali haya utayabeba moja moja, utayapanga upande ule, kwa mikono yako. Nyar Rodi, umesikia? Hiyo iwe sharti."

"Nimesikia," nikasema. "Odera?"

Odera alimtazama Chacha, mrefu kama alivyokuwa, aliyesimama kati yake na njia. "Nimesikia," akasema kwa unyonge.

Mama Akoth akasimama, akakung'uta unga mapajani. Akaingia jikoni. Akatoa karai la mafuta, akaliweka chini kando ya ukuta. Akarudi, akatoa chungu, akatoa mwiko, akatoa mafiga moja baada ya jingine, yangali na joto la asubuhi, akiyabeba kwa kanga. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu alivyokuwa akitembea ilionekana wazi hataki. Alipomaliza akasimama katikati ya jiko tupu, akatazama juu kwenye mabati yaliyoingiwa na moshi.

"Hapa ndipo nimewasomesha," akasema. Hakuwa akituambia sisi.

Kisha akatoka, akapita kando yangu, akanielekeza kwa kidevu penye pembe ya jiko, mahali ambapo ukingo wa barabara ungefika.

Chacha alinyanyua nyundo kama kawaida yake. Nikamwomba anipe. Akanipa bila utani. Nikachimba kidogo, nikamwaga makaa, nikasimamisha kigingi. Udongo ulikuwa umelegea, kikawa kinayumba. Mama Akoth akachuchumaa, akakishika kwa mikono yake miwili, kikatulia.

"Piga," akasema.

Nikapiga.